Divai, si Waini

Mama aliniagiza divai.
Alikuwa Bugando, ghorofa ya sita, kitanda cha dirishani,
ziwa lote chini yake kama shuka lililofuliwa likakosa wa kulikunja.
Akasema: Niletee divai, Kabula. Si soda. Si uji. Divai.

Nikashuka kilima. Duka la kwanza, Makoroboi,
kijana akainua macho kwenye simu: Hiyo ni dawa ya mende?
La pili, Kirumba, binti mwenye kucha za bluu:
Tuna waini, mama. Nyekundu, nyeupe, ya Dodoma, ya boksi.
Mwenzake akamkanya: Sema mvinyo, huyu ni mtu mzima.
Nikasimama mbele ya rafu
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Kitu kilikuwapo. Neno la mama halikuwapo.

Nalikumbuka lilipokuwa likikaa:
Bukumbi, sakristia, kabati lenye kufuli,
mama akifua vitambaa vya misa kwa mshahara na kwa imani,
doa moja la zambarau akilisugua kwa chumvi na limau,
akiniambia bila kugeuka:
Mvinyo unalewesha, waini inauzwa. Divai inatolewa.
Nilikuwa na miaka saba. Alipotoka kuanika nililamba doa.
Chumvi. Limau. Basi.

Mlango Mmoja nikampitia Mushagalusa, fundi cherehani wa Bukavu,
anayehesabu sentimita kwa Kifaransa na pesa kwa Kiswahili.
Nilimwendea kwa sababu nilimdai gauni,
si kwa sababu ya elimu.
Akatoa pini mdomoni, moja moja,
akazichomeka begani mwa koti lisilo na mtu.
Divai? Hilo letu, mama. Mliazima mbuzi, mkaondoka na kamba.
«Vin» ndiyo mvinyo wenyewe. Hicho cha mbele ni «du»,
ni kama kusema kiasi, sehemu yake, wa kutosha tu.
Kwetu huombi mvinyo wote ulioko duniani.
Unaomba wa gilasi.

Basi nikamwona, njia nzima ya kurudi:
padri mgeni wa zamani hizo, ndevu zimeshiba vumbi la Usukuma,
amekaa juu ya jiwe, koo limemkauka,
anamwambia mtoto wa jikoni, nipe kiasi cha...
na mtoto, mwenye haraka ya watoto wote,
akaidaka sauti nzima, kiasi pamoja na kitu,
akakimbia nayo: Anataka divai!
Toka hapo hicho kiasi kimekwama ndani ya jina,
hata ukijaza pipa.

Sina ushahidi. Kamusi yangu, iliyoliwa na mchwa
wakakomea mlangoni mwa herufi D,
inanijibu kwa ufupi wa karani: tazama mvinyo.
Kama ofisi ya ardhi, nenda dirisha lile.

Nilinunua ya boksi, ya bei ya chini,
nikaimimina katika chupa ya dawa ya kifua
niliyoiosha mara tatu na bado ikanukia mnanaa,
kwa ajili ya muuguzi wa zamu ya jioni, ambaye macho yake hayasinzii.
Mama hakuuliza ni waini au ni mvinyo. Alinusa.
Akafungua mdomo kama anayepokea,
ulimi mbele kidogo, macho yamefumbwa.
Kijiko kimoja.
Nje, taa za Kamanga zilikuwa zinawaka upande wa pili wa maji,
moja, halafu kimya kirefu, halafu nyingine tatu kwa pamoja.

Nikuongeze? nikauliza.
Akanitazama kama nilivyokuwa na miaka saba,
kama aliyejua siku zote habari ya lile doa.
Ya nini? akasema. Niliomba divai.

Iliyobaki nilimpelekea Mushagalusa.
Gauni bado hajalimaliza.